Kishikwambi barazani, kompyuta chumbani: kisa cha muziki wa mjomba

Shida ya mjomba ilikuwa adhana.

Anakaa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kila siku baada ya Alasiri hutoka akaketi barazani, na muziki wake humfuata kutoka ndani: taarabu ya Tanga ya enzi za Black Star na Lucky Star, na siku akichangamka, dansi la Jamhuri Jazz au Atomic Jazz. Spika mbili zimetundikwa chini ya paa la baraza. Waya wake unapita ukumbini hadi chumba cha ndani, ambako amplifaya na kompyuta ya mezani vimekaa juu ya meza moja. Msikiti uko nyumba ya nne kutoka pale. Adhana ya Magharibi ikianza, muziki unatakiwa ukome palepale, na mjomba, tangu afanyiwe upasuaji wa goti, hainuki upesi. Ikawa kazi ya kukimbilia ndani ni ya mjukuu. Siku mjukuu yuko mpirani, sauti ya Shakila inaendelea kupanda juu ya sauti ya mwadhini, mzee anatafuta fimbo yake, na majirani wanapita kwenda kuswali wakisikia yote mawili.

Akanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema: "Mpwa wangu, nataka kitu kimoja tu. Nikae hapahapa nilipo, nibonyeze, kinyamaze."

Nimeamua kukiandika kisa hiki kirefu kwa sababu nakutana na shida kama hii mara nyingi, na karibu kila mara watu wanaanza kuitibu mahali pasipouma. Pia kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea katikati, na kosa lile lina funzo kuliko yale niliyopatia.

Kabla yangu, binamu yangu alikuwa amejaribu. Alimnunulia baba yake kishikwambi, neno ambalo tangu sensa ya 2022 halihitaji tena kuelezwa kwa mtu, akakijaza nyimbo kutoka kwenye kompyuta, akaiwekea amplifaya kipokezi cha Bluetooth. Siku ya kwanza ilipendeza. Kisha zikaja kero tatu. Nafasi ya kishikwambi ilijaa kabla hata robo ya nyimbo haijaingia. Kati ya baraza na chumba cha ndani kuna kuta mbili za matofali ya saruji, na Bluetooth ya kifaa cha kawaida imekusudiwa umbali wa mita kumi hivi mahali pa wazi, kwa hiyo sauti ilikatikakatika. Na kero iliyomuudhi mzee kuliko zote: kila ujumbe wa WhatsApp ulipoingia, kengele yake ililia kwenye spika katikati ya ubeti.

Binamu alidhani kifaa ni kibovu. Kifaa kilikuwa kizima. Kilipewa kazi isiyo yake, yaani kubeba muziki, wakati mjomba hakuwa ameomba muziki utoke kishikwambini. Aliomba rimoti. Anayebonyeza swichi ya feni hapulizi upepo yeye.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, maana ukilishika hili mengine yote yanafunguka. Katika mfumo wa muziki wa nyumbani unaotumia kompyuta kuna kazi tatu, na zinaweza kufanywa na vifaa vitatu au na kimoja. Kuna ghala, yaani seva, inayojua nyimbo zipi zipo, ziko folda gani, nani kaimba. Kuna mpigaji, programu inayopokea wimbo kutoka kwa seva na kuutoa kama sauti kwenye waya wa amplifaya. Na kuna rimoti, inayosema cheza, simamisha, ongeza, punguza. Kwa mjomba, ghala na mpigaji vilifaa vikae pamoja kwenye kompyuta ileile ya chumbani, na kishikwambi kibaki rimoti tupu. Muziki usipite hewani hata kidogo.

Faida yake inaonekana kwenye hesabu. Sauti ya ubora wa CD isiyobanwa inahitaji kilobiti 1,411 kila sekunde, mfululizo, bila kukosa. Amri ya kunyamaza ni maandishi machache yanayosafiri mara moja na kwisha. Waifai dhaifu ya barazani, inayoonyesha vijiti viwili, itakwamakwama ikibebeshwa muziki lakini itafikisha amri bila shida. Na kishikwambi kikiisha chaji katikati ya wimbo, wimbo unaendelea. Kengele ya WhatsApp inabaki palepale kishikwambini, haiendi kwenye spika.

Kuhusu programu sikusita sana. Kuna MPD, iliyoanza 2003, nyepesi mno, inayosikiliza amri kwenye poti 6600 (poti ni namba ya mlango ambao programu husikilizia kwenye mtandao), na ninaipenda kwenye mashine za Linux. Lakini kompyuta ya mjomba inatumia Windows, na wajukuu wanaandikia kazi za shule humo, sikutaka kuigeuza. Nikachagua Lyrion. Ina historia ndefu: ilianzishwa na kampuni ya Slim Devices kwa ajili ya vifaa vyao vya kuchezea muziki, Logitech ikainunua kampuni hiyo 2006, vifaa vikaacha kutengenezwa 2012, lakini programu ya seva ikabaki hai mikononi mwa wapenzi wake, na tangu 2024 inaitwa Lyrion Music Server. Ni ya bure. Upande wa mpigaji nikaweka Squeezelite. Upande wa sura ya kubonyeza nikaongeza Material, ambayo ina vitufe vikubwa vinavyofaa kidole cha mzee.

Jumamosi nikafika. Niliposema shikamoo, mkaza mjomba aliitikia kutoka jikoni na kuniambia nisianze kazi kabla ya chai. Nikaanza baada ya chai.

Usanikishaji wenyewe hauna la kusimulia. Kompyuta ikaanza kuhesabu nyimbo, nikafungua kivinjari palepale kwenye kompyuta, nikaandika anwani ya ndani na poti 9000, ukurasa ukafunguka, wimbo ukapiga. Nikatoka barazani na kishikwambi, nikafungua programu yake. Ikazunguka, ikazunguka, ikasema haijaona seva yoyote.

Watu wengi wakifika hapa hufuta programu na kuiweka upya. Mimi hufanya jaribio moja: naandika anwani ya kompyuta kwa mkono kwenye kivinjari cha kishikwambi. Anwani ya kompyuta ilikuwa 192.168.1.3. Nikaandika hiyo na poti 9000. Kimya. Basi seva iko hai, nimeiona kwa macho yangu ikicheza, na kishikwambi kiko kwenye waifai ileile ya ruta ileile. Kilichobaki ni njia kati yao. Windows ilikuwa imeuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa mtandao wa umma, kama vile kompyuta ipo stendi ya mabasi, na mtandao ukiwa wa umma, ukuta wa ulinzi hukataa wageni. Nikaubadilisha kuwa wa binafsi, nikaongeza ruhusa ya poti 9000 kwenye ukuta. Nikaandika tena anwani kishikwambini. Ukafunguka.

Hapa ndipo nilipokosea. Programu ya kishikwambi bado haikuweza kuitafuta seva yenyewe. Ukiiambia itafute, inasema hakuna. Ukiipa anwani kwa mkono, inaingia vizuri. Nikajiambia: ikiwa inaingia, kutafuta kwa nini? Nikaandika 192.168.1.3 kwa mkono, nikahifadhi, nikamkabidhi mzee. Magharibi ilipoingia, mwadhini alipotamka takbira ya kwanza, mjomba akabonyeza na spika zikanyamaza kabla takbira haijaisha. Aliniangalia kwa uso ambao sitausahau. Nikarudi kwangu Makorora nikiwa nimeridhika kuliko nilivyostahili.

Jumanne usiku umeme ulikatika mtaani, ukarudi alfajiri. Jumatano jioni simu ikaita. Haijasimama, mpwa wangu. Nimebonyeza, haijasimama.

Nikiwa bado kwenye simu, nilimwomba mjukuu aende kwenye kompyuta, acheze wimbo mwingine kwa kipanya. Akaweza. Swali hilo dogo linapunguza safari ndefu: ghala zima, mpigaji mzima, kwa hiyo tatizo liko kwenye rimoti au njiani. Nikamuuliza kishikwambi kinasema nini. Kinasema seva haipatikani. Nikachukua bodaboda.

Ruta yoyote ya nyumbani ina ukurasa unaoorodhesha vifaa vilivyounganishwa na anwani ya kila kimoja. Nikaufungua. Anwani 192.168.1.3 ilikuwepo, ila mwenyewe hakuwa kompyuta. Ilikuwa simu. Simu ya mjukuu mwingine, aliyefika jana yake kutoka Muheza. Kompyuta ilikuwa imehamia 192.168.1.6. Kishikwambi cha mjomba kilikuwa kikibisha hodi kwenye simu ya kijana na kuiomba isimamishe taarabu.

Kilichotokea ni hiki. Ruta hugawa anwani kwa vifaa kama mtu wa mapokezi anavyogawa vyumba. Daftari la ruta nyingi za bei ya kawaida liko kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Umeme uliporudi alfajiri, daftari lilikuwa tupu. Simu zina betri, kwa hiyo ziko macho muda wote na zilikuwa za kwanza kuomba. Simu ya mgeni haikuwa na chumba cha zamani cha kudai, ikapewa chumba cha kwanza kilichokuwa wazi. Kompyuta ya mezani ilikuja kuwashwa na mtu saa tatu asubuhi, ikaomba chumba chake kile cha zamani, ikaambiwa kina mtu. Ikapewa kingine, ikakubali bila kulalamika wala kumwarifu yeyote.

Kwa hiyo kukatika kwa umeme hakukuharibu kitu. Kulifichua tu kwamba mimi nilifunga mzigo kwenye kigingi kinachohama.

Tiba ya kwanza ilikuwa kumwambia mtu wa mapokezi aandike kwa wino usiofutika: kompyuta hii, yenye namba hii ya kadi ya mtandao, daima ipewe 192.168.1.50. Karibu ruta zote zina nafasi ya kuhifadhi anwani namna hiyo, na mpangilio huo unabaki hata umeme ukikatika. Ningependekeza ufanywe kwenye ruta, usifanywe ndani ya kompyuta, maana ukiandika anwani ya kudumu ndani ya kompyuta bila ruta kujua, ruta inaweza kumpa mtu mwingine anwani ileile, na hapo utapata ugomvi mgumu zaidi kuutambua. Kwa kishikwambi sikuhifadhi chochote, rimoti haitafutwi na mtu. Na kama ungetaka kukihifadhia, ujue kwamba tangu Android 10 simu na vishikwambi hutumia namba ya kadi ya kubuni kwa kila mtandao, mpaka uzime tabia hiyo.

Lakini tiba hiyo peke yake ingekuwa kuficha kosa langu. Swali lililobaki ni lile nililolipuuza Jumamosi: kwa nini programu ilishindwa kuitafuta seva yenyewe? Kama ingeweza kutafuta, ingeigundua seva kwenye 192.168.1.6 na mjomba asingejua kwamba kuna lililobadilika.

Kutafuta hufanyika hivi. Kishikwambi hakijui seva iko wapi, basi kinapaza sauti kwa vifaa vyote vya nyumba kwa pamoja, kwenye poti 3483, kwa njia ya UDP, yaani ujumbe unaorushwa bila kufungua mazungumzo kwanza: je, kuna seva hapa? Seva ikisikia, inajibu kwa jina na anwani yake. Mazungumzo mengine yote, kuonyesha nyimbo, kucheza, kusimamisha, yanapita poti 9000 kwa TCP, njia inayofungua mazungumzo kwanza ndipo itume. Mimi Jumamosi nilifungua 9000 tu. Mlango wa kuingilia ulikuwa wazi, lakini dirisha la kusikia anayeita nje lilikuwa limefungwa. Nikafungua 3483, TCP na UDP zote mbili, kwa mtandao wa binafsi peke yake. Nikafuta anwani niliyoiandika kwa mkono. Nikaiambia programu itafute. Ikaleta jina la kompyuta kabla sijainua kidole.

Tangu siku ile nina kanuni: kifaa kikifanya kazi kwa njia ya pembeni huku njia yake kuu imekufa, sijamaliza kazi.

Baada ya hapo sikutaka kusubiri umeme ukatike tena ndipo nijue. Nikamwomba mkaza mjomba ruhusa, nikazima swichi kuu ya nyumba, tukakaa dakika tano gizani, nikawasha.

Mara ya kwanza kompyuta haikuwaka kabisa, ilibaki ikisubiri kidole. Hilo liko kwenye mipangilio ya ubao mama, ile inayofunguliwa kabla Windows haijaanza: kuna sehemu inayouliza umeme ukirudi mashine ifanye nini. Nikaiambia iwake. Mara ya pili ikawaka yenyewe, kishikwambi kikaiona seva, orodha ya nyimbo ikaja, lakini kikasema hakuna mpigaji. Hili sikulitarajia. Seva ya Lyrion ilikuwa inaanza pamoja na Windows kama huduma ya ndani, ila Squeezelite niliyoiweka ilikuwa inasubiri mtu aingie kwa nywila ndipo ianze. Hakuna wa kuingiza nywila alfajiri. Nikaipanga nayo ianze mashine inapowaka, mtu aingie asiingie. Mara ya tatu tukazima, tukawasha, tukakaa barazani. Baada ya dakika nne hivi mjomba akabonyeza na taarabu ikatoka ukutani bila mtu kuingia ndani. Mkaza mjomba akasema sasa na yeye apewe umeme wake, friji linayeyuka.

Hiyo ndiyo hatua ambayo mafundi tunairuka mara nyingi kuliko zote, na naomba tuache kuiruka. Kifaa cha mzee hakijapona mpaka kipone bila wewe kuwepo.

Kuna mambo mawili ya gharama niliyazungumza na mjomba waziwazi. Kompyuta ya mezani ya zamani ikiwa macho bila kazi kubwa tuihesabu wati 60. Saa 24 ni uniti 1.44, na siku 30 ni uniti 43.2. Kwa nyumba inayojitahidi isizidi uniti 75 kwa mwezi ili ibaki kwenye bei ya matumizi madogo, huo ni mzigo mkubwa kwa ajili ya muziki wa jioni. Tukakubaliana iwake saa nne asubuhi kwa saa ya ubao mama na izime saa nne usiku, ndiyo nusu ya hesabu ile. Baadaye, kwa ridhaa yake, nitahamishia ghala kwenye kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi. Ikila wati 5 usiku na mchana inafika uniti 3.6 tu kwa mwezi, na Lyrion inakwenda humo bila taabu. La pili ni nakala. Diski inayozimwa ghafla umeme ukikatika haina uhakika wa maisha, na kanda za kaseti ambazo nyimbo hizi zilitolewa, kwa joto na unyevu wa pwani, nyingine zimeshaota ukungu. Nakala moja iko kwenye diski ya nje kwangu Makorora. Hilo sikulijadili naye sana, nilimwambia naichukua.

Binamu aliyeko Muscat naye akataka aweze kuingia kwenye ghala la baba yake kutoka huko. Akapendekeza tufungue poti 9000 kwenye ruta ili ionekane kwenye intaneti nzima. Nilikataa. Seva hii ikisanikishwa haidai nywila, imetengenezwa kwa ajili ya watu walio ndani ya nyumba. Ukiifungulia dunia, mtu yeyote anaweza kucheza, kufuta orodha, na kuchungulia folda. Isitoshe ruta ya mjomba inatumia laini ya simu, na laini nyingi za simu hazikupi anwani yako mwenyewe kwenye intaneti, unachangia moja na wateja wengine wengi, kwa hiyo hata poti ukiifungua hakuna anayeifikia. Njia ya salama ni mtandao wa faragha wa WireGuard au unaojengwa juu yake kama Tailscale. Binamu ameahidi kuuweka akija likizo, na mimi naona bora asubiri akae na baba yake waufanye pamoja.

Sasa nifike pale ambapo kisa hiki kilinifundisha zaidi, na ambapo hapakuwa na waya wala poti.

Wiki ya kwanza baada ya matengenezo nilipita kumjulia hali. Kila kitu kinafanya kazi. Lakini nikagundua mjomba anatumia kitufe kimoja tu, kile cha kusimamisha. Kuchagua wimbo hachagui. Anacheza popote palipofunguka. Nikamuuliza kwa nini. Akanisogezea kishikwambi nikione mwenyewe.

Kwenye kioo palikuwa na orodha ndefu: Kanda 07 A, Kanda 07 B, Kanda 08 A, na chini ya kila moja, msanii asiyejulikana. Binamu alipohamisha kanda zile kwenda kompyuta, alirekodi kila upande kama faili moja. Kanda ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Kwa sauti isiyobanwa hizo ni megabaiti 476, alizibana kwa FLAC zikapungua bila sauti kupotea chochote, na hilo alilifanya vizuri sana. Lakini majina hakuandika. Mashine ilikuwa inamuuliza mzee wa Tanga achague taarabu kwa namba ya kanda.

Na mjomba, kama wazee wenzake, hana "albamu" kichwani. Anasema: ule aliouimba Shakila. Ule wa mashairi ya yule bwana wa Chumbageni. Ule uliopigwa harusi ya dada yako. Hiyo ndiyo orodha yake, mwimbaji, mtunzi na tukio. Nilikaa nikitazama ule mfumo niliojisifia na nikaona umemsaidia kunyamazisha muziki, haujamsaidia kuupata.

Basi tukaanza upya, mkaza mjomba akiwa ndiye bingwa wa kazi. Faili za pande sikuzikata, sikutaka kuigusa asili. Kwa kila upande niliandika faili dogo la maandishi la aina ya CUE linaloiambia seva wimbo wa pili unaanza dakika fulani, sekunde fulani, na fremu fulani, sekunde moja ikiwa na fremu 75. Lyrion inalisoma na kuonyesha nyimbo kama vipande mbalimbali, ingawa faili ni lile moja. Ukikosea mwanzo wa wimbo, unabadilisha namba, hujaharibu sauti.

Kisha lebo. Tuliamua hivi, na nawashauri wenye makusanyo ya taarabu waamue mapema kama sisi: kwenye nafasi ya msanii aandikwe mwimbaji, kikundi kiandikwe kwenye nafasi ya msanii wa albamu, na mtunzi wa shairi apewe nafasi ya mtunzi, asiachwe, maana katika taarabu shairi lina mwenyewe. Jina la wimbo liwe lile watu wanaloliita, hata kama ni maneno ya kwanza ya ubeti. Na kwenye nafasi ya maelezo tuandike kumbukumbu: harusi ya nani, mwaka gani kama unajulikana, nani aliileta kanda. Lyrion ina nyongeza ya utafutaji inayosoma hata maelezo hayo, kwa hiyo mzee akiandika harusi anapata nyimbo za harusi.

Tahajia ilitusumbua kuliko tulivyodhani. Black Star, Blackstar na Black Stars kwa mashine ni vikundi vitatu. Shakila na Shakilla ni watu wawili. Mara ya kwanza mjomba alipobonyeza jina la Shakila alipata nyimbo nne na akafadhaika, anajua anazo nyingi. Zilikuwepo, zimejificha nyuma ya herufi moja. Tukaweka daftari la shule mezani, kila jina likaandikwa humo kwa tahajia moja, na hakuna kuandika lebo bila kulitazama.

Mkaza mjomba hakuwahi kugusa kompyuta ile. Lakini alikuwa anakaa barazani anachambua mchicha, wimbo unaanza, na kabla fidla haijamaliza utangulizi anasema ni nani anaimba, na nani alikuwa anaimba pale kabla yake. Mimi nilikuwa naandika. Mjomba akimpinga, tunarudisha mwanzo kwa kidole, tunasikiliza tena. Mara nyingi yeye ndiye alikuwa sahihi. Tulimaliza kanda kumi na nne kwa jioni sita, na zimebaki zaidi ya thelathini.

Jioni ya sita, baada ya Isha, mjomba alichukua kishikwambi, akaandika harusi kwa kidole kimoja, taratibu, akapata nyimbo tatu, akabonyeza wa katikati. Wakanyamaza wote wawili mpaka kiitikio. Ndipo wakaanza kubishana ile sauti ya pili inayoitikia nyuma ya mwimbaji ni ya nani. Mjomba akataja jina, mkaza mjomba akataja jingine, wakanitazama mimi mwenye daftari. Nikaandika jina la mwimbaji wa kwanza, walilokubaliana, na nafasi ya pili nikaiacha wazi.